Shingo ya Simsima

16 Novemba

Ufagio umevuma tangu alfajiri. Ndiyo dhoruba ya kwanza ya baridi hapa Aleksandria, na kila mwaka hufanya kazi ya jina lake: imezoa mchanga, magazeti, na soksi moja ya Lutfi kwenye kamba. Mwenyewe hayupo wa kuililia. Mume wangu ni fundi wa mitambo melini. Huondoka Septemba na hurudi baridi ikiisha. Nyumbani nabaki mimi, mama yake Bi Tahiya, na sungura wangu Simsima.

Simsima amelala chini ya kiti changu, kajinyoosha kama mtu aliyemaliza kufua nguo za nyumba nzima. Manyoya yake ni rangi ya ufuta uliokaangwa, ndiyo sababu nikampa jina hilo. Upepo ukigonga dirisha anasimamisha sikio moja tu, la pili linaendelea kulala.

Mama mkwe kachungulia mlangoni. "Wanawake wenzako wanalea watoto, wewe unalea kitoweo."

Alisema bila ukali, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Ni miaka saba sasa tangu niolewe.

18 Novemba

Mvua. Watoto ninaowafundisha chekechea wote wana mafua, na mimi pia.

23 Novemba

Ijumaa. Bi Tahiya kapanda paani, kashuka na sungura wawili wamekwisha kuchunwa. Anawafuga huko juu kwenye vizimba, wengine huwauzia majirani, na kila Ijumaa hutupikia kwa mlenda. Mimi hula mlenda na wali, nyama naiacha pembeni.

"Nyama yangu ina nini?"

"Haina kitu, Mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hewa?"

Simsima mwenyewe kazaliwa paani. Alikuwa mdogo kuliko wenzake wote, mama yake akamsukuma nje ya kiota. Bi Tahiya alinitupia mkononi akasema, "Huyo jioni haifiki." Jioni akaifikia, na sasa anaelekea miaka mitatu. Nadhani hilo ndilo mama mkwe hajanisamehe.

30 Novemba

Lutfi kapiga simu kutoka Marseille. Kazungumza na mama yake muda mrefu, mlango umefungwa. Kwangu kasema maneno mawili ya haraka tu. Najua wanachozungumza wanapofunga mlango.

4 Desemba

Leo ni dhoruba ya Qasim. Siku mbaya.

Nilirudi kutoka shuleni nimelowa mpaka ndani ya viatu. Simsima huwa ananipokea mlangoni, ananizunguka miguuni mpaka nimpe jani. Leo kimya. Nikasikia kitu kinagonga chini ya kitanda, du, du, du. Nikainama.

Alikuwa anabingirika. Anajipindua kama gogo linaloshuka mlima, anagonga mguu wa kitanda, anarudi, anajipindua tena. Nilipomshika na kumbana kifuani, kichwa kilikuwa kimepinda chote upande wa kushoto, sikio moja linaning'inia chini, jicho linacheza kushoto kulia kushoto kulia, halitulii. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka nausikia kwenye mbavu zangu. Asubuhi alikula. Asubuhi alinipora jani la figili mkononi!

Nilipiga kelele. Bi Tahiya akaja mbio na lile goti lake bovu. Akatazama mara moja tu.

"Shingo hiyo. Naijua. Ngoja nilete kisu angali hai."

"Kisu cha nini?"

"Cha nini tena? Akifa hivihivi ni mzoga, hata paka hamli. Tumchinje apumzike, mwanangu."

"Huyu si kitoweo!" Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya nyumba hii. "Toka! Toka chumbani kwangu!"

Nikaufunga mlango, mwenye nyumba akiwa nje. Nimemfunga Simsima kwa taulo kama mtoto mchanga. Nikimlegeza kidogo tu, anabingirika.

5 Desemba

Sikwenda kazini. Daktari wa mifugo wa kwanza, karibu na kituo cha tramu, hakuinuka hata kitini. "Sungura? Kwa nini usinunue mwingine?" Nikatoka bila kuaga.

Mfamasia akanielekeza kwa Daktari Wahid, mzee avaaye masweta mawili, anayetibu farasi wa magari ya kukokotwa na kasuku wa watu wenye nafasi. Yeye alimfungua Simsima taratibu, akamkalisha kwenye mapaja yake mwenyewe, akamulika jicho, akapapasa shingo.

"Ni kijidudu," akasema. "Sungura wengi wanacho tangu kuzaliwa, kimelala tu. Siku moja kinaamka na kuingia kwenye ubongo. Si kosa lako, bibi."

"Atapona?"

"Wapo wanaopona, wakabaki na shingo pinda wakaishi vizuri tu. Wapo wasiopona. Nitakupa dawa ya mwezi mzima. Ila sikiliza: mlishe kwa mkono. Tumbo la sungura likikaa tupu siku moja, linasimama, na hilo ndilo litakalomuua kabla ya huo ugonjwa."

Amenipa bomba la sindano lisilo na ncha. Nitasaga majani na kumsukumia mdomoni, pembeni, kidogo kidogo. Na nimpangie mataulo pande zote asiweze kupinduka.

6 Desemba

Kala. Nusu kaimwaga kifuani kwangu.

7 Desemba

Ijumaa. Bi Tahiya hakupanda paani, kasema goti. Hatuzungumzi.

9 Desemba

Mwalimu mkuu kanikatalia ruhusa. "Mwalimu Ragaa, mtoto wako akiumwa nakupa siku. Sungura siwezi kumwandika popote." Walimu wenzangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama Simsima amepata chanjo ya surua. Nilicheka pia. Kisha nikaingia chooni nikalia.

Nimemwacha Simsima kwenye boksi lake la mataulo toka asubuhi mpaka saa saba. Nilikimbia kutoka kituoni. Nikamkuta ametulia, mdomo wa kijani, kidevu kimefutwa.

Nikaenda jikoni. "Mama, nani kamlisha?"

Bi Tahiya alikuwa anachambua dengu, hakuinua macho. "Malaika labda. Mimi nitajuaje?"

11 Desemba

Malaika kaja tena. Safari hii kasaga na giligilani.

13 Desemba

Maji yamejaa njiani, shule ikafungwa mapema. Nilivua viatu mlangoni, kwa hiyo hakunisikia.

Alikuwa ameketi sakafuni, Bi Tahiya, mguu mbovu kaunyoosha mbele, Simsima mapajani ndani ya taulo. Anaongea naye.

"Fungua. Fungua mdomo, wee mkaidi. Lutfi naye alikuwa hivihivi, dawa ukimpa anaibana shavuni kama peremende, ukigeuka anaitema. Mimi simgeukii mtu. Meza. Haya. Mwingine... Ala! Unanitemea mimi? Mimi niliyemlisha mama yako?"

Nilisimama pale mpaka maji yakaanza kunitiririka kwenye zulia. Akaniona. Nilidhani atainuka, lakini kwa goti lile kuinuka si jambo la haraka.

"Umesimama kama askari kanzu," akasema. "Njoo umshike kichwa, mimi mikono miwili hainitoshi."

Nikakaa. Nikashika kichwa, yeye akasukuma bomba. Tulipomaliza, nikamwuliza kwa nini.

Akafuta bomba kwa pindo la gauni. "Paani nimewaona wengi wa shingo pinda, tangu naolewa. Kila nikimkuta mmoja, kisu saa ileile. Nilijua ndiyo dawa yake. Huyu siku ya pili nikamsikia bado yupo. Siku ya tatu yupo. Mimi sikujua kama wanaweza kuishi siku ya pili, Ragaa. Sikuwahi kumpa hata mmoja hiyo siku ya pili."

Nilimwambia chai itapoa, na wala hatukuwa na chai.

16 Desemba

Jicho limeacha kucheza!

20 Desemba

Leo ni dhoruba iitwayo Mafuriko Madogo, na mwaka huu kweli madogo. Simsima kasimama. Kaegemea ukuta kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, akapiga hatua, akazunguka duara, akaanguka, akainuka mwenyewe. Kichwa bado kimepinda, kwa hiyo anatutazama kwa jicho moja kutoka chini, kama anatuuliza swali la dharau. Bi Tahiya alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mtazame! Anatuchungulia kama mkaguzi wa umeme."

Jioni Mama Adil, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kaja kunywa chai. Kamwona Simsima kwenye boksi, taulo, bomba la kulishia. Kaanza.

"Yaani mnanyonyesha sungura? Mama Lutfi, na wewe umeingia? Mimi ningekuwa wewe ningemwambia mwanangu mambo wazi. Binti wa dada yako kule Damanhur bado hajaolewa. Miaka saba, dada, miaka saba! Huyu naye keshapata mtoto wake mwenye masikio."

Nilikuwa nimeshika sinia. Nilisubiri. Ndilo neno lenyewe nililokuwa nalihisi nyuma ya mlango kila simu ya Lutfi inapoingia.

Bi Tahiya akakoroga chai yake. "Mama Adil, Mungu kakupa watoto wanne, na mwezi unakwisha hakuna hata mmoja aliyekuuliza umeamkaje. Mimi nina huyu. Kila asubuhi namsikia anavyotembea chumba cha pili, najua sijafa peke yangu. Na Lutfi nimemwambia kwenye simu mara ngapi: ukiniletea habari za mke mwingine, usirudi nyumbani kwangu. Sasa kunywa chai, inapoa."

Mama Adil akanywa. Mimi nikarudi jikoni na sinia, vikombe vikigongana.

Kumbe ndiyo maana ya ule mlango uliofungwa. Kumbe aliyekuwa na maneno ya mke wa pili ni Lutfi, au watu wa kwao walio masikioni mwake, na mama yake ndiye aliyesimama mlangoni. Sijui nimlaumu nani. Leo sitaki kumlaumu mtu.

25 Desemba

Kala figili mwenyewe, bila bomba. Kipande kidogo kama ukucha.

2 Januari

Dhoruba ya Mwaka Mpya. Tumekula dengu, sote watatu tukiwa karibu na hita.

8 Januari

Daktari Wahid kafurahi. Kaongeza dawa ya wiki mbili, kasema tusiwe na haraka. Njiani kurudi Bi Tahiya kaniuliza kama sungura wa shingo pinda anaweza kuzaa. Kisha akasema, "Nauliza tu."

12 Januari

Mafuriko Makubwa. Umeme ulikatika adhuhuri. Bahari imepanda mpaka barabara ya pwani, tunaisikia kutoka hapa.

Ngurumo ya kwanza ilipopiga Simsima aliruka, akaangukia ubavu, na kubingirika kukaanza upya, kubaya kuliko mwanzo. Alijipindua mpaka akatoka nje ya mataulo, akajikwaruza jicho kwenye ukingo wa boksi. Tulimshika wawili. Alikuwa analia. Sikujua sungura ana sauti ya kulia. Bi Tahiya alikuwa anajua. Nilimwona alivyofumba macho.

Hakula. Tumemjaribu kila namna.

13 Januari

Hakula. Tumbo limekuwa gumu kama mpira.

Mitaa yote ya kwenda kwa daktari imejaa maji, teksi hakuna. Nikamfunga kwenye kikapu, nikajifunika mfuko wa plastiki kichwani. Bi Tahiya akatokea mlangoni kavaa koti la marehemu mumewe.

"Mama, na goti hilo?"

"Goti ni langu."

Tulikwenda kwa miguu, maji yakitufika kwenye vifundo, mahali pengine magotini. Yeye kashika ukingo wa kikapu upande mmoja, mimi upande mwingine, tukipita kando ya kuta. Mwanamume mmoja dirishani akatuuliza tumebeba nini cha thamani hivyo. Bi Tahiya akamjibu, "Mambo yako hayakutoshi? Funga dirisha, mvua inaingia!"

Daktari Wahid akamtia maji chini ya ngozi, akampa ya maumivu, akamsugua tumbo. Kasema tumpe muda mpaka Jumanne. Hakusema baada ya Jumanne ni nini.

14 Januari

Tunamsugua tumbo kwa zamu. Anasaga meno, na si kule kwa raha anapopapaswa, ni kwa maumivu.

15 Januari

Jumanne. Asubuhi alikuwa baridi masikioni. Nilimwinua, jicho lake zima likanitazama, na lilikuwa limechoka. Siwezi kuliandika vingine. Nilijua.

Nilimpeleka jikoni nikamkuta Bi Tahiya ameketi, hajawasha jiko.

"Mama," nikamwambia, "mwanzoni ulitaka kumpumzisha, mimi nikakufukuza. Sasa nakuomba. Asisafirishwe tena kwenye maji, asione tena kikapu. Wewe unajua kuifanya haraka."

Akanitazama kama nimemtukana. Ikanipita akilini kwamba mwanamke huyu kachinja sungura kila Ijumaa kwa miaka hamsini, anachinja huku akinisimulia habari za bei ya vitunguu.

"Siwezi," akasema.

"Mama..."

"Siwezi, Ragaa. Mkono huu nimemlishia. Akiuona anafungua mdomo." Akauficha mkono chini ya shela yake, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Twende kwa mzee wako yule wa masweta. Nitamfunika mimi, baridi haitamwingia."

Mvua ilikuwa imekatika. Tukapata teksi. Dereva alitaka kuuliza, akatuona nyuso, akazima redio.

Daktari alituacha tuchukue muda. Nilimshika Simsima kifuani, kichwa chake kilichopinda kikaingia sawasawa pale chini ya kidevu changu, kama kwamba shingo ile ilipindwa kwa ajili ya mahali hapo. Nilimwambia asante. Nilimwambia mengine yasiyo ya kuandikwa. Bi Tahiya alimshika miguu ya nyuma, anaipapasa kwa kidole gumba, anasema chini chini, "Haya mama. Haya. Umekwisha kuwa mkaidi, inatosha."

Sindano ya kwanza ilimlaza. Mwili wote ukalegea, nikasikia uzito wake halisi kwa mara ya kwanza tangu ile dhoruba ya Qasim, maana siku zote hizo alikuwa amekaza. Ya pili sikuiona. Nilisikia moyo wake kwenye mbavu zangu, kisha nikasikia wangu tu.

Daktari Wahid akavua miwani, akaifuta kwa sweta la chini.

16 Januari

Tumemzika kwenye kiwanja kitupu nyuma ya jengo. Udongo mzito, umeshiba maji. Tulikuwa tunachimba kwa upawa na kisu kipana cha kukwangulia rangi, wanawake wawili wamepiga magoti kwenye tope, na watu wametoka roshanini kutazama. Nilisikia kicheko mahali. Sikuinua kichwa.

Kisha nikaona viatu vya plastiki vya kijani mbele yangu. Mama Adil, na sepetu ya mwanawe.

"Sogea," akasema. "Kwa upawa mtachimba mpaka Ramadhani."

Akachimba mpaka kina kikatosha, jasho likimtoka katika baridi ile. Hakutaja masikio, hakutaja Damanhur. Tulipokwisha kufukia, akaketi juu ya tofali akihema, akamwambia Bi Tahiya, "Adil kanipigia simu jana." Bi Tahiya akamjibu, "Alhamdulillahi." Wakabaki hivyo.

19 Januari

Dhoruba ya Ubatizo. Majirani wa juu, Wakristo, wametuletea magimbi ya sikukuu yao. Nimekula kidogo. Boksi lake bado lipo, hakuna anayetaka kuwa wa kulitoa.

20 Januari

Saa saba mchana, saa yake ya kula, nilijikuta nasaga majani.

29 Januari

Lutfi kapiga. Nilimweleza yote. Akasema, "Pole. Ukitaka, nikirudi nitakununulia mwingine." Sauti yake ilikuwa ya upole, nadhani alitaka kusaidia. Bi Tahiya, aliyekuwa akisikiliza kando yangu, akaninyang'anya simu.

"Lutfi, nikifa utanunua mwingine? ... Basi nyamaza. Mwulize mkeo ana hali gani, umsikilize mpaka amalize. Dakika zikiisha, ongeza nyingine."

Akanirudishia simu, akatoka, akaacha mlango wazi.

Akaniuliza. Akasikiliza. Nikamwuliza nami habari za mke wa pili, wazi, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Nilichoka kuulizwa na watu, Ragaa. Sikuwa na jibu, nikafikiri jibu ndilo hilo." Nikamwambia na mimi nimechoka kuulizwa. Tumeachia hapo. Atarudi, tutaonana uso kwa uso. Sijui itakuwaje.

18 Februari

Jua dogo, upepo mkali. Hakuna jipya.

1 Machi

Bi Tahiya kawauza sungura wote wa paani kwa mtu wa Agami. Nilipomwuliza, kasema ngazi zinamuua goti. Vizimba kampa Mama Adil afugie njiwa.

25 Machi

Dhoruba ya mwisho imepita jana, ndogo, ya kutuaga tu. Leo watoto shuleni walifanya onyesho, mmoja akasahau maneno yake jukwaani akaanza kuhesabu mpaka kumi badala yake, tukacheka wote. Nilicheka mpaka machozi. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikaanika nguo. Nilikuwa nafunga kibanio cha mwisho kwenye kamba nikagundua kwamba saa saba ilikuja ikapita, na sikumkumbuka. Hata mara moja. Kutwa nzima.

Nilikaa chini palepale paani. Iliniuma kuliko siku ya sindano.

Bi Tahiya kapanda kunitafuta, ngazi kwa ngazi, akilaani kila moja. Nilimweleza. Nilidhani ataniambia ni sungura tu, na nadhani nilitaka aniambie.

Akajishusha kando yangu, taratibu, akishika bega langu. "Mwaka aliokufa baba yake Lutfi," akasema, "nilikwenda sokoni, muuza mboga mmoja akanifanyia mzaha juu ya matango yake. Nikacheka. Nilifika nyumbani nikaitupa mboga yote sakafuni, nikalia kuliko siku ya maziko. Nilijiona nimemwacha njiani."

"Ikaisha lini, Mama?"

"Ile ya kulia? Iliisha. Ile ya kujiona nimemwacha, sijui, sijaipima." Akavuta shela, akanifunika nusu yake. "Baadaye nilikwenda nikanunua tena matango kwa yule mtu. Alikuwa na matango mazuri, mbwa yule."

Nguo zilikuwa zinapigapiga juu yetu. Hakuna aliyeinuka. Tulikaa mpaka adhana ya alasiri, kisha nikamsaidia kushuka.